Nguo za Kongo zilitoka wapi: rafia, merikani, pamba ya fimbo na poliesta

Mtu wa Kinshasa akitafuta feza anasema anatafuta mbongo. Mtu wa Lubumbashi anasema makuta. Maneno haya yanatumiwa kila siku sokoni, kanisani na kwenye basi, na wachache wanajua kwamba yote mawili yalihusu nguo kwanza. Katika ufalme wa Kongo na kule Loango, mbongo ilikuwa vipande vya nguo ya rafia, na watu walivitumia kununua chakula, kulipa faini na kulipa mahari. Makuta ilikuwa hesabu ya vipande hivyo vikifungwa pamoja. Wareno wa Luanda, katika karne ya 17, walifikia hatua ya kulipa askari wao kwa nguo hizo, kwa sababu sarafu zilikuwa haba na rafia ilipokelewa na kila mtu. Mwaka 1967 serkali ya Mobutu ilipotoa feza mpya, iligawanya zaire moja katika makuta 100. Jina la nguo likarudi mfukoni, safari hii juu ya sarafu.

Kwa nini nguo ya rafia ilifaa kuwa feza? Jibu liko ndani ya nyuzinyuzi zenyewe.

Mti wa rafia ni mchikichi wa sehemu zenye maji. Fundi anakata jani changa kabla halijafunguka, anachana vijani vyake, kisha anabandua ngozi nyembamba ya juu. Ngozi hiyo ikikauka ndiyo uzi. Haisokotwi kama pamba. Inapasuliwa vizuri na kuwekwa moja kwa moja kwenye mtambo wa kufumia. Maana yake ni kwamba uzi hauwezi kupita urefu wa kijani, ambao kwa kawaida ni kama mita moja au zaidi kidogo, na nguo nayo haiwezi kupita urefu wa uzi. Ndiyo sababu nguo za rafia tangu Kasai hadi pwani ya magharibi hutoka kama vipande vya mraba, karibu sawa kwa ukubwa. Anayetaka sketi ndefu anashona vipande vingi pamoja. Kipande kimoja kilikuwa kipimo tayari, hakuna aliyehitaji mizani wala futi. Tena kilichakaa. Rafia ni ngumu, haipendi maji mengi, na ikivaliwa kila siku inakatika upesi. Kwa hiyo feza hiyo haikuweza kujaa ghalani mpaka ikapoteza thamani: watu waliivaa, ikaisha, wakafuma nyingine.

Mtaalamu wa mila Mary Douglas, Mwingereza aliyeishi kwa Walele kati ya mito Kasai na Loange tangu mwaka 1949, alikuta mambo haya bado yana nguvu. Nguo za viwandani zilikuwa zimefika na watu walizivaa. Lakini kijana aliyetaka kuoa, au kuingia katika chama cha wazee, alitakiwa kuleta rafia. Vijana hawakuwa nazo za kutosha, na wazee ndio waliozishika. Hivyo mzee mwenye sanduku la rafia alikuwa na uwezo juu ya vijana ambao hata franka za Wabelgiji hazikuweza kuuvunja mara moja.

Majirani wao Wakuba walikwenda mbali zaidi kwa ufundi. Kwao wanaume hufuma na wanawake hutarizi. Kipande kikitoka mtamboni kinakuwa kigumu kama mkeka, kwa hiyo kinapondwa katika kinu mpaka kilainike. Kisha mwanamke anapitisha uzi mwembamba wa rafia chini ya nyuzi za nguo kwa sindano, anaukata ncha zote mbili karibu kabisa na kitambaa na kuzipiga brashi. Hafungi fundo. Uzi unashikwa na ubano wa mfumo wenyewe tu. Kazi ya kipande kimoja inaweza kula miezi mingi. Wazungu walipoiona waliita “velours du Kasaï”, yaani mahameli ya Kasai, na Emil Torday aliyefika kwa mfalme wa Wakuba mwaka 1908 alibeba vipande vingi mpaka British Museum ya London, ambako viko hadi leo. Wakuba wenyewe walihifadhi zile nzuri kabisa kwa ajili ya maiti. Mfu hakuzikwa na nguo ya kizungu, kwani wahenga wake wasingemtambua.

Kaskazini mashariki, katika msitu wa Ituri, kulikuwa na njia nyingine isiyohitaji mtambo wala sindano. Wambuti hutoa ganda la ndani la miti fulani, hulilowesha, kisha mwanaume hulipiga kwa nyundo ya mti au ya pembe ya ndovu mpaka lipanuke na kuwa laini. Nyuzinyuzi za ganda hazikufumwa, zilikwisha kushikana ndani ya mti kwa maumbile yake. Mwanamke ndiye huchora juu yake, kwa maji meusi ya tunda la mgardenia yaliyochanganywa na makala. Baganda upande wa pili wa mpaka hufanya nguo kama hiyo kwa mti wa mutuba, na UNESCO iliitambua kazi yao mwaka 2005. Za Ituri zinaonekana zaidi katika makumbusho ya Ulaya kuliko Bunia, jambo la kusikitisha kidogo.

Kisha ikaja pamba. Upande wa mashariki wa inchi haikuja na Wabelgiji, kama wengi wanavyodhani. Ilikuja kutoka Zanzibari, mabegani mwa wapagazi.

Mwaka 1833 Marekani ilifanya mkataba wa biashara na Sultani Sayyid Said. Meli za mji wa Salem, jimbo la Massachusetts, zikaanza kuleta kitambaa cheupe kisichopaushwa, kizito na imara. Watu wa pwani wakakiita merikani, na jina likasafiri pamoja na nguo: Tabora, Ujiji, kuvuka ziwa Tanganyika, hadi Nyangwe na Kasongo kwenye mto Lualaba. Kaniki, ile ya buluu nzito, ilitoka India. Stanley alipojiandaa kumtafuta Livingstone mwaka 1871 alinunua marobota ya merikani na kaniki kama vile msafiri wa leo anavyotafuta dola, kwani bila nguo hakupati chakula wala njia ya kupita.

Tazama tofauti ya kipimo. Rafia ilihesabiwa kwa kipande. Merikani ilipimwa kwa mkono, tangu kiwiko hadi ncha ya kidole: mikono 4 ni shuka, mikono 8 ni doti. Hilo liliwezekana kwa sababu ya jambo moja dogo sana. Unywele mmoja wa pamba ni mfupi, mara nyingi milimita 25 hadi 30 tu, mfupi kuliko kidole gumba. Ukiwa ndani ya kitumba ni kama mrija uliojaa maji. Kitumba kikipasuka na kukauka, mrija unalala bapa na kujipinda wenyewe kama utepe uliosokotwa. Mipindo hiyo ndiyo hushika mipindo ya jirani. Ukiisokota maelfu pamoja unapata uzi usio na mwisho, na uzi usio na mwisho unatoa nguo isiyo na mwisho. Unyonge wa unywele mmoja unaondolewa na wingi. Rafia ni ndefu na imara lakini ina mpaka, pamba ni fupi na haina mpaka. Mtambo wa mvuke wa Massachusetts haungeweza kufanya kitu na rafia.

Pamba ya merikani ililimwa na watumwa wa kusini mwa Marekani. Ilipofika Maniema ilinunua pembe za ndovu, na pembe zile mara nyingi zilibebwa hadi pwani na watu waliokamatwa kwa nguvu. Nguo nyeupe, lakini ncha zake zote mbili zilikuwa katika utumwa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilikata pamba ile, bei ikapanda, na baadaye vitambaa vya viwanda vya Bombay vikachukua nafasi sokoni. Jina merikani lilibaki hata nguo ilipotoka kwingine.

Wabelgiji nao walitaka pamba. Mji wao wa Ghent uliishi kwa viwanda vya kusokota, na pamba yote walinunua kwa wageni. Majaribio yalianza wakati wa vita kuu ya kwanza, Maniema ikiwa kati ya sehemu za mwanzo. Tarehe 20 Februari 1917 serkali ya koloni ilitoa sheria ya mazao ya lazima. Mwaka 1920 kampuni ya Cotonco ilianzishwa, na mwaka 1921 sheria nyingine ikagawa inchi katika maeneo ya kununulia: kila kampuni ilipewa eneo lake, na mlimaji wa eneo hilo hakuwa na ruhusa ya kuuza kwa mwingine. Bei iliwekwa na serkali. Mbegu zilitolewa bure, na watu walielewa upesi kwamba huo ndio mtego.

Pamba inataka mkono wa mtu karibu wakati wote. Inapandwa, inapunguzwa, inapaliliwa mara kadhaa, kisha inachumwa kitumba kwa kitumba kwa sababu havipasuki siku moja. Kazi hizo zinaangukia wakati uleule wa mahindi, mpunga na karanga. Ndiyo sababu jamaa nyingi zililala njaa wakati shamba lao la pamba lilikuwa jeupe. Kapita alikuja kupima shamba na kuangalia magugu. Aliyekutwa na uvivu, au aliyeitwa mvivu, alipigwa fimbo au alifungwa. Katika miaka ya 1930 sheria iliruhusu siku 60 za kazi ya lazima kwa mwaka, na mwaka 1942, wakati wa vita vya pili, siku hizo zikapandishwa hadi 120. Wanaume ndio walioandikwa katika daftari, lakini wanawake na watoto walichuma na kubeba.

Kubeba lenyewe lilikuwa jambo. Katika kilo 3 za pamba mbegu, pamba safi ni kama kilo 1. Mbili zinazobaki ni mbegu. Mlimaji alitembea na kikapu kichwani hadi kituo cha kununulia, akilipwa kidogo kwa uzito wa vyote. Kampuni ilichambua, ikafunga pamba safi katika marobota na kuipeleka Ulaya, na mbegu ikakamuliwa mafuta. Mwana historia Osumaka Likaka, katika kitabu chake cha mwaka 1997 juu ya pamba na wanakijiji wa Kongo, ameeleza namna watu walivyopinga bila kelele: kuhama, kujificha msituni, kupanda vibaya kwa makusudi, kutunga nyimbo za kuwacheka wakubwa. Wazee wa Uele, Sankuru na Maniema wanaposema “pamba ya Leta” hawasemi juu ya mmea tu.

Haki inataka kusemwa vilevile kwamba upande wa elimu ya mmea kazi kubwa ilifanyika. INEAC, chuo cha utafiti wa kilimo kilichoanzishwa mwaka 1933 na chenye makao Yangambi, kilikuwa na vituo vya pamba Bambesa na Gandajika. Huko walichagua aina zenye nyuzinyuzi ndefu zaidi na zenye kustahimili magonjwa. Mbegu zikawa bora. Bei ya mlimaji haikufuata.

Sehemu ndogo ya pamba ilibaki inchini. Texaf ilianzishwa mwaka 1925 na kuleta kiwanda kikubwa cha Utexléo Léopoldville. Albertville, ambayo leo ni Kalemie, ilikuwa na Filtisaf kando ya ziwa, na vizazi vya jamaa za Kalemie viliishi kwa mshahara wake. Baadaye, katika miaka ya 1970, Kisangani ikapata Sotexki. Kulikuwa pia na punga, mmea wa nyuzinyuzi za shina unaofanana na juti, ambao ulitoa magunia ya kahawa na mazao mengine. Shina la punga linaloweshwa majini siku kadhaa ili gundi yake ioze, kisha nyuzinyuzi zinavuliwa na kuoshwa. Kazi hiyo inanuka, na walioifanya hawaikumbuki kwa furaha.

Kuanguka kulikuja kwa hatua. Uasi wa mwaka 1964 ulivunja vituo vya kununulia. Zairianisation ya Novemba 1973 iliwapa biashara watu wengi wasiojua kuiongoza. Barabara ziliharibika, pamba ikaoza vijijini bila gari la kuichukua, kisha vita vya miaka ya 1990 vikamaliza. Filtisaf ilinyamaza. Kiwanda cha Kinshasa kilifungwa mwaka 2007, na leo uwanja wa Utexafrica ni nyumba za kupangisha na maofisi. Gunia la punga limeshindwa na gunia la plastiki lililofumwa kwa polipropilini, ambalo katika Kifaransa cha biashara huitwa “sac raphia” ingawa halina hata unyuzi mmoja wa rafia.

Kilichobaki kikubwa ni kikwembe. Watu wanakiona kama nguo ya asili, na kwa matumizi ni kweli: bila kikwembe hakuna mahari, hakuna matanga, hakuna sikukuu ya tarehe 8 Machi. Lakini ufundi wa wax ulitoka Java. Waholanzi waliiga batiki ya Wajava kwa mashine, na kampuni ya Vlisco ya Helmond, iliyoanza mwaka 1846, ndiyo inayojulikana zaidi. Utomvu unapakwa pande zote mbili za kitambaa cha pamba, kitambaa kinachovywa katika rangi, na mahali penye utomvu rangi haiingii. Utomvu unapopasuka, rangi hupenya katika nyufa na kuacha zile mistari nyembamba ambazo mama wauzaji wanazitambua mara moja. Pamba inafaa hapa kwa sababu inakunywa. Katika hewa ya kawaida pamba hushika unyevu wa karibu asilimia 8 ya uzito wake, na rangi huingia ndani ya unyuzi pamoja na maji.

Poliesta, iliyovumbuliwa Uingereza mwaka 1941 na Whinfield na Dickson, hushika chini ya asilimia 1. Hainywi maji, kwa hiyo haiwezi kupakwa rangi kwa njia ileile, inataka rangi za namna yake na moto mkali. Vikwembe vingi vya bei rahisi vinavyojaa leo katika masoko ya Uvira, Bukavu na Goma ni poliesta iliyochapwa upande mmoja, hata kama pembeni imeandikwa wax au pamba asilimia mia. Poliesta si kitu kibaya yenyewe. Ni imara, haipungui ikifuliwa, inakauka upesi siku ya mvua, na vyandarua vingi vinavyogawanywa bure dhidi ya malaria vimefumwa kwa hiyo. Ubaya ni kuuziwa hiyo kwa bei ya pamba. Na kuna hatari: mama anayepika kwenye mbabula ya makala akiangukiwa na cheche, kikwembe cha pamba kitawaka na lazima kizimwe haraka, lakini cha poliesta kinayeyuka na kunata kwenye ngozi. Mtoto aliyefungwa mgongoni kwa poliesta wakati wa joto naye anatoka jasho ambalo nguo haiwezi kulichukua.

Kutambua si kazi ngumu. Geuza kikwembe: wax ya kweli ina rangi ileile pande zote mbili, ya kuchapwa imefifia nyuma. Kunja pembe na kuibana ngumini: pamba inabaki na mikunjo, poliesta inajinyoosha. Dondosha tone la maji: juu ya pamba iliyokwisha kufuliwa tone linazama, juu ya poliesta mara nyingi linakaa kama shanga. Kitambaa kipya kina wanga, kwa hiyo jaribio la maji linaweza kudanganya, na hapo dawa ni kiberiti. Vuta nyuzi mbili tatu pembeni, uzishike kwa kibanio cha chuma na kuziwasha mbali na nguo nyingine. Pamba inawaka kama karatasi, inanuka karatasi, na majivu yake ya kijivu yanapukutika kwa kidole. Sufu ya kondoo inanuka nywele zilizoungua, maana ni nywele. Poliesta inajikunja ikiukimbia moto, inatoa moshi mweusi na kuacha punje ngumu isiyovunjika. Mkiona majivu na punje pamoja, kitambaa ni mchanganyiko, na bei yake ishuke.